Njia ya Maji ya Mama Bosibori

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, nikanywa chai ya kuagwa, nikasikiliza hotuba tatu ambazo zote zilimsifu mwanamke nisiyemjua. Baadaye wauguzi vijana wa wodi ya wanawake wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya zamani. Ya vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilichelewa na mishahara ilikwenda ilikokwenda. Nitawaandikia juu ya kosa moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na kwa sababu lilirekebishwa kabla halijaua mtu. Kila nikilikumbuka hushusha pumzi, hata leo.

Nilifika Kisii mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kutoka upande wa ziwa, na sanduku la bati na sweta moja. Sweta hiyo haikutosha. Mvua ya Kisii inakuja kila alasiri kama mtu mwenye miadi, na kilima ilikojengwa hospitali yetu kilipata sehemu yake na ya jirani. Jina la hospitali haliongezi kitu hapa. Ilikuwa ya misheni, na wodi mbili, daktari mmoja, na gari moja aina ya Landrova lililopanda milima likilalamika. Siku hizo Nyamira haikuwa na wilaya yake, wote tuliwaita watu wa Kisii, na wagonjwa walitoka Nyakoe hapo karibu hadi Nyaramba mbali, wengine wamebebwa kwa machela ya miti.

Nilijua Dholuo, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha chuo cha uuguzi. Ekegusii, lugha ya Wakisii, sikujua hata neno la kuombea maji. Wagonjwa wengi nao hawakuwa na Kiswahili ila cha sokoni. Kwa hiyo kati yangu na mgonjwa alikaa mtu wa tatu wa kutafsiri, na mara nyingi alikuwa yule yule aliyemleta mgonjwa. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Ogeto, msaidizi wa maabara, mtu wa Nyaramba. Aliosha chupa, alitafuta malaria kwenye darubini, na chumba cha maiti kilikuwa chini yake pia, jambo lililofanya watu wasimwazime kitu. Alikuwa mfupi, mwenye koti la kaki lisilobadilika, na aliamini kwamba kila Mjaluo huzaliwa na mwiba wa samaki kooni.

"Sista Akinyi," aliniambia siku ya kwanza, "hapa kwetu hakuna samaki. Iko ndizi. Ukikonda, usilaumu Mkisii."

Sikukonda. Yeye ndiye aliyenifundisha kusalimu kwa Kikwao: bwakire asubuhi, kisha habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za mashamba, moja moja bila haraka. Alisema mtu asiyemaliza salamu ni mtu asiyejua alikotoka. Nilizishika salamu zote kabla sijajua neno la homa, na nilijivuna nazo kupita kiasi.

Mgonjwa wa kwanza kunikosesha raha alikuwa seremala wa Birongo. Mikono yake ilitetemeka akiwa ametulia, uso wake haukuonyesha furaha wala hasira, na miguu ilimgandia sakafuni. Akifika katikati ya wodi, pale palipo tambarare, alisimama tu kama aliyepigiliwa misumari. Nilidhani akili yake nayo imeganda, nikawa namsemesha kwa sauti ya juu kama watu wanavyowasemesha viziwi na wageni. Siku ya tatu akanijibu, polepole, kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Sista, masikio yangu hayana ugonjwa. Na hiyo kabati yako, mlango wake umepinda kwa sababu bawaba ya chini imefungwa juu kuliko inavyotakiwa." Nikaenda kuangalia. Ilikuwa kweli.

Mkewe ndiye aliyetuonyesha la ajabu zaidi. Alikuja na mabua ya mahindi, akayalaza sakafuni yamekingama, moja kila hatua, na yule mzee aliyeshindwa kutembea kwenye sakafu laini akayaruka yote, bua kwa bua, mpaka mlangoni. Nyumbani alikuwa amegundua hivyo shambani: kwenye matuta mumewe alitembea, kwenye uwanja uliofagiwa aliganda. Sisi tuliosoma hatukuwa tumegundua kitu. Nikabandika plasta nyeupe sakafuni, vipande kwa vipande, kutoka kitandani kwake hadi chooni, na mzee akaanza kwenda msalani mwenyewe. Msimamizi wa stoo aliandika barua kuhusu plasta zilizopotea. Barua hiyo ninayo.

Nilimwuliza daktari wetu iwaje mtu apoteze miguu kwenye tambarare na asiipoteze kwenye mabua, atetemeke mikono lakini aone bawaba iliyopinda kutoka kitandani. Daktari hakuwa mtu wa maneno. Alinipeleka maabara, akamwambia Mzee Ogeto atoe mitungi miwili ya kioo aliyokuja nayo kutoka chuoni alikosomea. Ndani kulikuwa na ubongo uliohifadhiwa kwa dawa na kukatwa vipande, na harufu yake ilinikaa kooni siku mbili.

Katika mtungi wa kwanza alinionyesha shina la ubongo. "Mtu mzima ana mstari mweusi hapa," alisema, "mwembamba kama uzi wa kushonea. Huyu umefifia. Sehemu nyingine karibu zote ni nzima." Mtungi wa pili ulikuwa wa mtu aliyekufa akiwa amesahau watu wake. Pande zake mbili, karibu na masikio, zilikuwa zimenywea na mabonde yamepanuka, lakini ule ukanda unaoendesha mikono ulikuwa umejaa vizuri, na kisogoni vilevile. Nikauliza kwa nini ugonjwa mmoja ule hapa na mwingine ule pale, wakati damu ni moja na fuvu ni moja. Daktari akafunga mfuniko. Alisema wanajua vyumba ambavyo kila ugonjwa huingia, ila kwa nini unabisha mlango huu na kuupita ule, hakuna ajuaye. Nilivunjika moyo kidogo, maana nilidhani kila kitu kilishajulikana Ulaya.

Miaka ikapita. Uhuru ukaja, tukaimba, nikapewa kazi ya kupokea wagonjwa wa nje na kuwaandikia kadi wale wasiohitaji daktari. Nilipewa pia muhuri. Jihadharini na muhuri, vijana. Mtu mwenye muhuri hujiona amekwishajua.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, asubuhi moja ya foleni ndefu, akaja mwanamume wa makamo kutoka Nyaramba, Ondieki, amemshika mama yake mkono. Mama huyo aliitwa Bosibori. Alikuwa mjane, msafi, ametia kitambaa cheupe cha kanisa, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mingi. Ondieki alisema Chifu anataka karatasi ya hospitali kuhusu mama. Nilipouliza kwa nini, alitazama viatu vyake. "Ni maneno ya majirani tu, Sista."

Nilimsalimu mama kwa Ekegusii, na salamu zangu zote akazipokea na kuzirudisha, za nyumba, za watoto, za ng'ombe, kwa mpangilio, na mwisho akanishika mkono akacheka kwa kufurahi kuona msichana wa ziwani anayejua adabu. Nikamsikiliza moyo, nikagonga magoti kwa nyundo ya mpira, nikamulika macho kwa tochi. Kisha nikamwuliza maswali ya akili kupitia kwa mwanawe. Huyu ni nani? Mama akasema neno. "Amesema mimi ni mtoto wake, Ondieki," akasema Ondieki. Mumeo yuko wapi? "Amesema amekufa." Umekula nini asubuhi? "Amesema uji." Foleni ilikuwa imefika mlango wa kanisa. Nikaandika: Nimemwona. Ana akili timamu. Hana ugonjwa. Nikagonga muhuri, na nikaridhika na jinsi ulivyokaa sawa.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, Mzee Ogeto alirudi kutoka kwao Nyaramba. Hakunitania. Alikaa kwenye benchi langu la wagonjwa, akavua kofia.

"Sista, ile karatasi yako imefunga yule mama."

Nikamwuliza mama yupi.

"Bosibori. Watu wanasema ni omorogi. Mchawi. Anaingia kwa boma ya Makori, jirani yake, na kibuyu mkononi, anapasua ua. Makori amekufiwa na ndama wawili. Sasa kwanza watu walikuwa wamegawanyika, wengine wanasema mama amezeeka, kichwa imechoka. Hapo ndio Chifu akaitisha karatasi. Na karatasi imesema ni mzima. Basi watu wanasema, kama ni mzima, anajua kitu anafanya."

"Lakini alikuwa mzima. Nilimwuliza mwenyewe."

"Ulimwuliza nani? Ulimwuliza Ondieki." Akasugua kofia yake magotini. "Yule mama anaita Ondieki jina la ndugu yake, yule hakurudi kutoka vita ya Wazungu. Kila mtu pale kanisani anasikia. Lakini mtoto atasema aje mbele ya watu kwamba mama yake hamjui? Kwetu iko chinsoni. Aibu ya mzazi haifunuliwi na mtoto. Yeye alikujibia vile mama angejibu kama angekuwa mzima. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anamfunika."

Chinsoni nilikuwa nimeisikia, zile taratibu za heshima na haya baina ya wazazi na watoto. Nilidhani inahusu nani aingie nyumba ya nani. Sikujua kwamba inaweza kukaa kwenye kiti cha mkalimani na kunijazia kadi. Nikauliza itakuwaje sasa. Mzee Ogeto alisema baraza ni Ijumaa, na vijana wa upande wa Makori wameshasema kwamba baraza likishindwa kumtoa, nyasi za paa lake ni kavu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sikulala vizuri siku nne, na nilikuwa nikiona mwandiko wangu kila nilipofumba macho. Nilimwendea daktari nikamwambia yote. Alisema hawezi kuandika karatasi juu ya mtu ambaye hajamwona, na Ijumaa ana upasuaji, lakini Landrova inakwenda upande ule kuchanja watoto. "Nenda wewe," alisema. "Masikio ubadilishe, macho yako yanatosha."

Nilitaka kubeba ule mtungi wa pili. Niliona itakuwa rahisi: nawaonyesha zile pande zilizonywea na ule ukanda uliobaki mzima, wanaelewa, tunarudi. Nilikuwa nimeshaufunga kwa taulo wakati Mzee Ogeto aliponikuta mlangoni. Aliutazama, akanitazama.

"Sista. Watu wanatafuta mchawi. Wewe unashuka kwa gari na ubongo ya mtu ndani ya chupa. Watachoma nyumba ngapi?"

Nikaurudisha mtungi kabatini.

Tulifika nyumbani kwa Mama Bosibori Ijumaa asubuhi, baraza likiwa la saa tano. Tulimkuta anasaga wimbi kwenye jiwe, mgongo umepinda vizuri, unga unatoka laini, na anaimba wimbo wa kanisa. Aliuimba beti zote nne bila kukwama, wakati mimi hujua mbili na nusu. Alitupokea kwa salamu zote. Safari hii mkalimani alikuwa Mzee Ogeto, na nilimwomba Ondieki akae nje. Mzee alimpa mama vitu vitatu akilini, jembe, ndizi na mbuzi, akamwomba avikumbuke. Akavirudia vyote. Tukazungumza kidogo juu ya mvua, kisha Mzee akamwuliza ni vitu gani vile. Mama akashangaa. Hakuna mtu aliyemtajia kitu. Tena, akauliza, sisi ni akina nani, na tumefika lini? Akatusalimu upya, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu mumewe, aliyekufa zamani, alisema amepeleka ng'ombe malishoni. Kijana pale nje alikuwa ndugu yake, amerudi vitani, Mungu ni mwema. Lakini alizitaja chemchemi zote za upande ule kwa majina, na dada zake saba kwa mpangilio wa kuzaliwa, na Mzee Ogeto, aliyekulia huko, alitikisa kichwa kwa kila jina kwamba ni kweli. Ya juzi na ya dakika iliyopita yalikuwa yamekwenda. Ya zamani na ya mikono yalikuwa yamekaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya ule mtungi wa pili, ila huu ulikuwa na kitambaa cheupe na uliniuliza kama nimekula.

Kisha akainuka, akachukua kibuyu kilichoning'inia, akasema anakwenda kuteka maji kabla jua halijawa kali. Tulimfuata. Alitembea haraka, bila kuangalia chini, kama mtu anayekwenda mahali ambapo miguu inapajua, moja kwa moja hadi kwenye ua wa miti ya Makori, na hapo akaanza kuusukuma kwa mikono mitupu. Miiba ikamkwaruza. Hakurudi nyuma. Hatukuona njia yoyote pale, ua tu, na nyuma yake jiko la Makori. Tulimgeuza taratibu tukampa Ondieki, na Mzee Ogeto akabaki ameutazama ua kwa muda. Nami sikuelewa bado.

Baraza lilikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya Chifu, kando ya shamba lake la kahawa. Makori alizungumza kwanza. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa ameogopa, na ndama wawili si mzaha. Alitoa karatasi yangu mfukoni imekunjwa mara nne.

"Huyu mama anaimba, haharibu neno moja. Anasaga kuliko wasichana. Anasalimu watu wote. Kama kichwa imeharibika, mbona haya hayajaharibika? Mtu akishikwa na wazimu, anashikwa yote. Huyu anajifanya anasahau. Na si mimi nasema, ni hospitali. Muhuri ni huu."

Watu wakanung'unika kwa kukubali, na nilielewa kwamba kila kitu kilichobaki kizuri kwa mama yule kilikuwa kimegeuzwa ushahidi dhidi yake. Nikasimama. Nilisema kwa Kiswahili, Mzee Ogeto akitafsiri, kwamba karatasi ile niliandika mimi, kwamba nilikosea, na kwamba mama ni mgonjwa. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti mimi ni daktari wa leo au wa wiki ile. Swali lake lilikuwa halali.

Nikamwomba Chifu ruhusa, nikaenda kwenye kahawa yake, nikakata tawi. Mwaka ule ugonjwa wa mbuni ulikuwa umeingia kila shamba: mbegu zilikuwa nyeusi na kavu kwenye tawi, na majani yake mabichi, yanang'aa. Nikamkabidhi Makori.

"Hii ni mgonjwa au ni nzima?" nikamwuliza.

"Ni mgonjwa. Ya kwangu iko hivyo pia."

"Lakini majani ni mazuri."

"Ugonjwa hii haitaki majani. Inataka mbegu."

"Kwa nini?"

"Nitajua aje? Ndiyo tabia yake."

"Umewahi kuuambia mti kwamba unajifanya?"

Watu wengine walicheka, na Makori mwenyewe aligeuzageuza tawi lile mkononi. Nikasema kwamba kichwa cha mtu nacho kina sehemu, hii ya kushika mambo ya leo, ile ya mambo ya kale, nyingine ya mikono, na ugonjwa aliopata mama unapenda ile ya leo. Kwa nini unaipenda hiyo, sijui, na daktari wangu hajui. Lakini kuimba kwake si uongo. Ni majani.

Wengi walionekana kuelewa, ila Makori akasema neno lililonikata maini: "Maneno ni matamu, Sista. Lakini mtoto wake mwenyewe amesema mama anamjua. Imeandikwa hapa."

Kila mtu akamgeukia Ondieki. Alikuwa amekaa kando ya mama yake, na mama alikuwa amemshika mkono akimtazama kwa mapenzi ya ndugu. Sikuweza kumsaidia. Mzee Ogeto hakuweza kumsaidia. Nilijua kwamba asiposema, nyumba ya mama haitafika Jumapili. Mwishowe akasimama. Hakumtazama mama wala mtu mwingine, alitazama ile kahawa.

"Mama yangu hanijui," alisema. "Ni mwaka wa pili. Ananiita jina la mjomba wangu aliyekufa. Sista aliuliza, mimi nikajibu yangu. Nilikuwa naona haya. Makosa ni yangu, si ya mama, si ya Sista."

Akaketi. Nilitamani kumwambia kwamba nusu ya kosa ni yangu.

Ndipo Kerubo, mke wa Makori, akaomba kusema. Alikuwa ameolewa pale karibuni tu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niko jikoni kila siku akija. Kibuyu iko tupu. Nilichungulia. Hakuna dawa. Na kila siku ananiuliza neno moja tu: nani amefunga njia ya maji? Mimi namwambia, mama, hapa hakuna njia. Anarudi. Kesho anauliza tena."

Nilimwona Mzee Ogeto akifumba macho kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo. Lakini aliyejibu ni Chifu. Alikuwa amekaa na fimbo yake mapajani tangu mwanzo, na sasa aliiweka chini.

"Njia ilikuwa hapo," alisema. "Kabla ya watu wa kupima mashamba. Wanawake wote wa upande ule walipita hapo kwenda chemchemi. Mimi mwenyewe nilishika vigingi vya mpaka siku wanapima, na tukaweka kimoja katikati ya njia. Makori alipanda ua vile tulimwonyesha. Sisi ndio tulifunga."

Wanawake wazee walianza kuitaja ile njia wao kwa wao, na mawe yake, na mahali ilipoteleza. Mama Bosibori alisikia jina la chemchemi, akainua kibuyu chake, akauliza kwa sauti ya kawaida kama tumemaliza, maana jua linapanda. Watu wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa na ubaya. Chifu alichukua karatasi yangu kutoka kwa Makori, akanirudishia. Alisema baraza limekwisha, na kwamba yeyote atakayetaja moto juu ya nyumba ile atakuja kumtajia yeye kwanza.

Nilifika kwenye Landrova nikakaa, nikalia. Sijui kueleza vizuri zaidi. Ilikuwa kama kutua mtungi wa maji niliobeba siku nne bila kupumzika. Mzee Ogeto alimenya ndizi mbivu, akanipa, akatazama upande mwingine mpaka nilipomaliza yote mawili, kulia na kula. "Ungekuwa nyumbani," akasema, "ningekutafutia samaki."

Tangu siku hiyo niliweka sheria ambayo wengi wenu mmeichukia: mwana hatafsiri kwa ajili ya mzazi wake, hata foleni ikifika barabarani. Mtafute mtu wa nje. Na msiandike "mzima" kwa sababu mgonjwa amewasalimu vizuri. Salamu huondoka mwisho. Ukikuta zimebaki peke yake, uliza zaidi.

Kuhusu lile swali la mitungi, nimelibeba mpaka nimestaafu nalo. Daktari kijana mmoja wa Nairobi alinieleza majuzi kwamba siku hizi wanadhani zipo chembe za ubongo zinazofanya kazi bila kupumzika na kunyoosha nyuzi zao mbali sana, na kwamba hizo huchoka kwanza, kisha madhara hufuata nyuzi kwenda kwa majirani wanaozungumza nazo. Nikamwuliza ina maana sasa wanajua. Alikuwa mkweli, akasema wanajua zaidi kuliko zamani, lakini bado.

Nilipata kurudi Nyaramba mwanzoni mwa miaka ya sabini, tena na watu wa chanjo. Nilipita kwa Makori. Ua wake ulikuwa umekatwa nafasi ya mtu mmoja kupita, na upande wa pili nafasi nyingine, na katikati, kando ya jiko, nyasi zilikuwa zimelala kwa kukanyagwa. Kerubo alikuwa anapepeta wimbi, na mtoto mgongoni. Tukiwa tunaongea, Mama Bosibori akatokea kwenye ile nafasi ya juu, amekonda, kitambaa cheupe kichwani, mikono yake haina mkwaruzo hata mmoja. Hakunijua. Alinisalimu salamu zote, nami nikazijibu zote, kisha akaendelea na safari yake. Kerubo alisema jina la Ondieki halijamrudia mama, na sasa hata hapo uani kwake mwenyewe hupotea, lakini kwenye njia hii hajapotea hata siku moja, kwenda wala kurudi.

"Na lile swali?" nikauliza. "La nani amefunga?"

Kerubo alimtazama akitelemka kuelekea chemchemi, kibuyu kikigonga paja lake.

"Tangu tufungue, hajauliza tena."